Panya wa Kununua

Kwetu Makang'wa panya hakuwa na bei.
Alikuwa na mtego, na jiwe juu ya mtego,
na mimi wa miaka minane, nikihesabu mikia asubuhi
chini ya kihenge cha uwele.
Mikia kumi, baba ananipa konzi ya karanga.

Sasa binti yangu Nyemo anataka panya.
Si wa kufukuza. Wa kufuga.
Nikacheka mpaka chai ikanipalia,
kisha nikamtazama. Yeye hakucheka.

Jumamosi tukaenda Majengo.
Nyuma ya wauza ndoo, kijana ana tundu la waya,
panya kama ishirini, madume na majike humohumo,
wamebanana pembeni kama nguo chafu.
Mkojo wao ukatuchoma macho.
Akamnyanyua mmoja kwa mkia:
"Elfu tatu, mzee. Huyu mkali, hafi ovyo."
Panya akatoa sauti nyembamba
ninayoijua.
Ilikuwa ikitoka chini ya jiwe.

"Anaogopa," Nyemo akasema.
"Atazoea."
Nikamshika mtoto mkono tukaondoka
bila hata kupatana.

Bwana mmoja wa maabara akatuahidi weupe,
wasafi, kila mmoja na namba yake sikioni.
Nilitaka kumwuliza wamezoea nini.
Nikaiona glovu yake, nene, imefika kiwikoni.
Sikuuliza.

Ndipo tukaelekezwa Ipagala,
kwa Foibe, fundi cherehani.
Hakutuonyesha panya. Alitupa stuli,
akatuhoji huku pini zimembana midomoni:
Nyumbani mna paka?
Mkienda kijijini kulima, nani anabaki nao?
Na wewe baba mtu, mbona ngumi umeifumba?

Mawili nilijibu.

"Mimi nawashika kabla hawajafumbua macho,
kidogo kidogo, kila jioni nikimaliza kukata sare.
Wananijua kwa harufu ya chaki.
Mama yao mpole. Jike linalong'ata silizalishi,
hata liwe zuri vipi.
Na mmoja peke yake siuzi.
Wanaosema panya wengi hawachimbi shimo
hawajamwona panya mmoja
anavyokaa na kimya chake."

Akafungua mlango wa tundu.
Mkono hakuingiza.
Tukangoja.
Upepo wa Julai unagonga bati, vumbi linapita chini ya mlango,
mteja anachungulia, anauliza sketi yake, anaambiwa kesho.
Nyemo yuko sakafuni, kiganja wazi,
amesahau hata kupumua.

Kati ya vipande vya kaki na bluu ikatoka pua.
Halafu masharubu. Halafu mwili wote, wa kijivu,
ukaja polepole, ukajimimina kwenye kiganja cha mwanangu
kama uji kwenye kibuyu.

Wa pili ana doa jeusi sikioni.
Huyo akampita Nyemo. Akampita Foibe.
Akapanda kiatu changu, akapanda suruali,
akafika kwenye goti, ilipolala ngumi.
Nikasema, mtoeni.
Foibe akaendelea kutunga uzi.

Alianza kunilamba kifundo cha kidole,
kile cha shahada,
kile kilichokuwa kikitega kijiti cha mtego.
Alilamba kama mtu anayefuta ubao,
bila haraka, kila pembe.
Sijui ni dakika ngapi.
Nilipoangalia tena, mkono ulikuwa wazi
na yeye yumo ndani, anajisafisha uso.

Tulilipa elfu ishirini kwa wawili,
madume, ndugu wa tumbo moja,
na Foibe akatuongezea bure kitambaa walicholalia
wasije wakaikosa harufu ya kwao usiku wa kwanza.

Njiani sanduku liko mapajani kwa Nyemo,
matundu ya hewa tumeyatoboa kwa msumari.
"Baba," akasema, "kabla ya leo
ulishawahi kumshika panya?"

Nikasema ndiyo.

"Aliitwaje?"